Jina la Ussi Katika Kundi la Wakuu

Luqmani alikuwa peke yake chumbani, lakini mashine ilisema wako wawili.

Alikuwa ameuliza swali la kila siku tu. Asubuhi, kabla hata ya kujimiminia chai, fundi huiuliza seva nani na nani wamo ndani, nayo humjibu kwa majina. Siku hiyo ikaandika luqmani, kisha chini yake ikaandika ussi. Akauliza tena, majina yakawa yale yale. Akageuka kutazama meza ya pili, ambako kompyuta nyingine ilikuwa imezimwa na kufunikwa kanga kuukuu kuzuia vumbi. Kanga ilikuwa imetulia. Ila kiti kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimelowa, maji yanadondoka sakafuni, na chumba kilinuka mwani uliooza na kwa mbali ubani.

Ussi alikuwa kaburini tangu kabla ya masika, na Luqmani mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotia udongo.

Kituo cha indhari kilikuwa chumba kimoja cha mawe pale Utende, kinatazama Ghuba ya Chole. Hifadhi ya bahari ilipokwisha kuzoeleka na kila mgeni akawa na mradi wake wa kuleta, umoja wa wakulima wa mwani na wavuvi nao ukapata wa kwao: seva, kompyuta mbili na betri za jua. Wageni walipiga picha na mashine, wakala pweza, wakaenda zao. Kazi ya seva ilikuwa moja tu. Upepo mbaya unapokuja, aliye zamu anaandika amri, na simu za wote walioko baharini zinalia kwa pamoja.

Mashine za namna ile zina adabu zake. Kila anayezitumia ana jina lake, majina hupangwa katika makundi, na kundi ndilo lenye ruhusa. Waliomo kundi la wasomaji hutazama hali ya hewa na kushukuru. Waliomo kundi la wakuu hufanya lolote: hutuma indhari, hufuta, huingiza watu na kuwatoa. Wakuu walikuwa wawili, Luqmani na Ussi. Tena kuna jambo moja wasilolijua wengi. Ukimtoa mtu kwenye kundi hali yumo ndani anafanya kazi, hahisi kitu, kwa sababu ruhusa aliyoingia nayo anabaki nayo mpaka atakapotoka. Akija kuingia mara nyingine, ndipo anakuta milango imefungwa.

Ndivyo Luqmani alivyomfanyia mwenzake. Wageni wa mradi walikuja kukagua, Luqmani akawaeleza jambo vibaya, Ussi akamsahihisha mbele yao huku akicheka, nao wakamsifu Ussi. Hakukuwa na ubaya zaidi ya huo. Luqmani akaondoka na donge rohoni, na jioni ile ile, Ussi akiwa bado ameketi meza ya pili anapiga mluzi, akaandika amri fupi ya kumtoa kundi la wakuu. Alitaka kumtia adabu kidogo, aje aombe. Kesho yake mapema akaenda Kilindoni harusini, akazima simu ili asisumbuliwe.

Asubuhi hiyo upepo ulikuja kutoka kusini bila taratibu. Wanawake walikuwa wamekwenda fungu la mchanga la nje kukata mwani. Ussi akaingia kwenye mashine, akaandika amri ya indhari, mashine ikamjibu kwa Kiingereza chake kikavu kwamba hana ruhusa na kwamba tukio hili litaripotiwa. Akaandika tena na tena. Mwishowe akaacha mlango wazi, akashika ngalawa akaenda mwenyewe. Alifanikiwa kuwarudisha wanawake wote isipokuwa mama mmoja aliyekuwa mbali, na alipomrudia huyo, ngalawa ikapinduka. Mawimbi yakawaleta wote wawili ufukweni jioni, maiti.

Na tukio liliripotiwa kweli. Taarifa za namna hiyo huenda kwa mkuu, na mkuu alibaki mmoja. Luqmani aliporudi kutoka harusini akazikuta, zimepangana, kila moja ikisema Ussi amejaribu na amekataliwa. Akazisoma zote amesimama. Kisha akazifuta, na asiseme kitu.

Watu wakasema Ussi alilala kazini. Simu hazikulia, zamu ilikuwa yake, na mtu hakimbilii baharini vile ila anaficha kosa lake. Mama yake, Somoe, mjane aliyekuwa na mtoto huyo mmoja, akawa hapiti mahali wanawake wasinyamaze. Hakuna aliyemwalika kwenye shughuli, na hakuna aliyemwazima hata kinu. Luqmani aliyaona yote hayo. Kila alipofungua mdomo aseme, alimwona mkewe Faraja, na mwanawe Iddi, na kazi yake, na ule mdomo ukajifunga wenyewe.

Baada ya hitma ya arobaini, mwenyekiti wa umoja, Bwana Abbasali mwenye duka kule Kilindoni, alimwagiza alifute jina la marehemu kwenye mashine. Luqmani hakuweza. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini, watu wako msikitini, na mlango wa kituo uko wazi kuelekea maji. Watoto wa pwani hukatazwa kuita mtu saa kama hiyo, sembuse maiti. Yeye, kwa majuto yaliyomjaa kifuani, badala ya kulifuta jina akalirudisha kundi la wakuu. Akatazama kile kiti kitupu, akasema kwa sauti, kama anayempokea mtu mlangoni:

"Karibu, ndugu yangu. Nafasi yako hii."

Alidhani ametubu. Upepo ulikuwa umekatika, lakini kanga ya meza ya pili ikatikisika kidogo.

Basi tangu asubuhi ile ya majina mawili mambo yakaanza kufuatana. Kwanza yalikuwa madogo. Faili ziliamka zimehama mahali pake. Sakafuni palikuwa na mchanga ambao ukifagiwa unarudi. Kisha Faraja akamwonyesha simu wakati wa chakula cha mchana, akidhani ni mzaha wa mumewe. Ujumbe ulitoka kituoni, nao ulisema: Faraja, maji yamekupwa, njoo.

"Umeniandikia wewe hii, Baba Iddi?" akauliza.

Luqmani akatikisa kichwa. Faraja akaweka simu chini, kifudifudi, na sauti yake ikashuka.

"Basi kuna mtu anatuita. Bi Mwanaisha wa jirani kaletewa ya kwake, na wale wa nyumba ya kisimani pia. Kila mmoja kwa jina lake."

Siku ya pili Luqmani akaamua kumtoa. Alingoja watu wawepo nje, wanawake wakianika mwani kwenye vichanja, ili asikie sauti za binadamu. Akaandika ile amri fupi herufi moja moja, kwa kuwa alikuwa ameiandika mara moja maishani mwake na alijua ilichofanya. Mashine ikamjibu kwamba luqmani hayumo miongoni mwa wenye ruhusa. Tukio hili litaripotiwa.

Akauliza ni nani waliomo kundi la wakuu, na jibu likaja na jina moja tu, ussi.

Ndipo alipotambua kwamba sauti za wanawake nje zimekoma, na si kwamba wameondoka, maana aliwaona dirishani wakicheka na kutupiana maneno, ila kicheko hakikumfikia, na badala yake akasikia nyuma yake, chini ya kanga ya kompyuta iliyozimwa, vitufe vikibonyezwa kimoja kimoja, pole pole, kama mtu anayejifunza kuandika, kisha haraka, kisha kwa kasi ile ile ya Ussi aliyeijua miaka yote waliyokaa chumba kimoja, na harufu ya mwani uliooza ikapanda hadi machoni yakamtoka machozi, na mlangoni, mahali ambapo Ussi hakuwa akipiga hodi ila akikohoa kidogo kisha akiingia, pakasikika kikohozi hicho. Luqmani hakugeuka. Alichomoa nyaya zote za betri kwa mkupuo, taa za seva zikazima, akatoka kwa kupitia dirishani mbele ya wanawake, nao wakamcheka sana.

Seva ilikuwa imezimwa na nyaya ziko mfukoni mwake pale simu zilipolia Jumatano. Mawingu yalikuwa mazito kusini. Simu zote za wakulima zikapokea ujumbe mmoja: bahari shwari, ingieni. Wanawake walioamini kituo kuliko macho yao wakaingia, na Faraja, kwa kuwa safari hii ujumbe haukumwita mtu kwa jina, alikuwa ndani ya ngalawa ya mbele. Luqmani aliyapata hayo kwa jirani. Alikimbia ufukweni akipiga kelele, akaingia majini mpaka kifuani, akashika ubavu wa ngalawa ya mwisho, akamwomba nahodha awafuate wenzake. Waliwapata karibu na fungu. Walirudi wote, wamelowa na wametapika, na Faraja akiwa na jeraha kubwa mguuni alipokwaruzwa na jiwe. Luqmani alimfunga bendeji mkewe bila kumtazama usoni. Alijua sasa kwamba mara nyingine hawatarudi.

Akamwendea Bimkubwa, mganga aliyekaa njia ya Ras Kisimani, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye huandika kombe za dawa asubuhi na kukaanga vitumbua jioni. Alikuja kituoni akilalamikia magoti. Alifukiza udi, akasoma, akanyunyiza marashi pembe zote za chumba. Hakuna kilichotokea isipokuwa moshi kuwatoa wote wawili nje wakikohoa.

"Mjukuu wangu, mashine siijui na sitaki kukudanganya," akasema, akajikalisha kizingitini. "Hebu nieleze huyo uliyemkaribisha ulimpa nini."

Luqmani akamweleza habari za majina na makundi na ruhusa. Akaanza kueleza kwa mbali, kama mtu anayesimulia ya jirani, lakini kikongwe yule alimtazama tu, na maneno yakateleza: donge lake la jioni ile, amri fupi, harusi, taarifa alizozisoma amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka. Alilia mpaka kamasi zikamtoka.

Bimkubwa hakumbembeleza. Alimwambia kwamba Ussi yuko kwa Mola wake, na aliyemo ni jini wa baharini aliyekuta jina halina mtu na limepewa amri yote, akaingia. Jina lile lilikuwa limepakwa matope, na linamfaa hivyo hivyo.

"Jini wa kichwani mimi namtoa kwa kisomo," akasema. "Huyu kakalia jina la mtu. Siku watu wote watakapojua mwenye jina alikuwa nani na alikufaje, hana pa kukaa. Na hilo si langu, ni lako. Ila anza kwa mama yake. Asiyasikie barabarani."

Luqmani akaenda kwa Somoe baada ya alasiri. Alimkuta ameketi ndani, mlango umeegeshwa, anasuka ukili wa mkeka. Mbele yake palikuwa na sahani mbili, moja imeliwa. Luqmani akatoa shikamoo, Somoe akaitikia marahaba kwa uchangamfu ambao hakuutegemea. Alikuwa amenenepa. Alikuwa amejipaka wanja.

Akamweleza yote, magoti chini, macho kwenye mkeka. Alipomaliza, akangoja apigwe au alaaniwe, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo.

"Nayajua," Somoe akasema. "Kaniambia yeye."

Katika chumba cha ndani pakasikika kikohozi. Harufu ya mwani ikapita chini ya pazia.

"Mama, yule siye," Luqmani akanong'ona.

"Najua siye. Mwanangu nilimbusu paji la uso ndani ya sanda, baridi yake ninayo hapa mpaka leo. Lakini anakaa pale alipokuwa akikaa, na ananiita mama kwa sauti ile ile." Akaweka ukili pembeni, akamshika Luqmani mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Tangu masika hakuna aliyepiga hodi mlango huu. Hakuna. Huyu tu ndiye anayekuja kula na mimi. Usiwaambie watu, Luqmani. Waache waseme wanavyosema. Ulinyamaza siku zote hizi kwa ajili yako, ninyamazie na mimi."

Luqmani akamwambia habari za Jumatano, kwamba wanawake wenzake nusura wafe, kwamba Faraja alikuwemo. Somoe akasikiliza, na machozi yakaharibu wanja, lakini mkono hakuuachia. Akasema atazungumza naye. Akasema akiwa na mama wa kumkataza, atasikia. Nyuma ya pazia kitu kikacheka taratibu, kwa kicheko kile cha Ussi mbele ya wageni wa mradi, na Somoe akageuza uso upande ule akatabasamu kama mama yeyote.

Luqmani alitembea mpaka usiku ukaingia bila kujua anakwenda wapi. Kila upande ulikuwa na dhambi. Akisema, anamnyang'anya Somoe kitu cha pekee alichobakiwa nacho, na ni yeye aliyemfanya abakiwe na hicho tu. Akinyamaza, upepo mwingine utakuja, na simu zitalia. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba sehemu moja ya moyo wake ilifurahi kuombwa anyamaze. Ilikuwa tayari imeanza kupanga maneno, kwamba sasa ni hisani, kwamba mwenyewe kataka. Aliitambua ile sauti. Ni ile ile iliyozifuta taarifa.

Ijumaa umoja ulikutana penye vichanja vya mwani. Bwana Abbasali alikuwa amekuja toka Kilindoni kuuliza ni nani aliyetuma ujumbe wa uongo. Luqmani akasimama kabla hajaitwa. Alisema alivyomtoa Ussi kundini bila kumwambia, kwa wivu, na kwamba Ussi alijaribu kutuma indhari mpaka akachoka, na mashine ikamkataa kwa amri yake yeye Luqmani. Alisema Ussi hakulala. Alisema kama si Ussi, wanawake wengi waliosimama pale wasingekuwa wamesimama. Sauti ilimkatika mara nyingi, akairudia kila sentensi iliyokatika. Faraja alikuwa mbele, amefunga mguu, na mumewe alipofikia habari za harusi, Faraja alitazama chini, kwa kuwa walikuwa pamoja harusini na walicheka sana siku ile.

Hakuna aliyempiga. Bwana Abbasali alimwomba funguo za kituo, akazitia mfukoni, akasema mambo mengine yatafuata. Alimruhusu kitu kimoja tu, kuwasha mashine mara ya mwisho mbele ya mashahidi na kuuliza waliomo kundi la wakuu. Jibu lilikuja na jina la luqmani peke yake. Kiti cha meza ya pili kilikuwa kikavu, na kilipoguswa kilikuwa na vumbi. Akaandika jina la mrithi aliyetajwa na mwenyekiti, akajitoa mwenyewe, akatoka.

Jioni alipokwenda kwa Somoe, alisikia nyumba kabla hajaifikia. Wanawake walikuwa wamejaa. Waliokuja walikuja na sahani, na vikapu, na machozi, wakiomba radhi mmoja baada ya mwingine, wakimsifu Ussi kwa sauti, na wengine wamekwisha kumwita shahidi wa baharini. Kinu kilikuwa kinapigwa uani. Chumba kilinuka wali wa nazi na jasho la watu. Somoe alikuwa ameketi katikati yao wote, hana wanja, anatazama pazia la chumba cha ndani ambalo mtu alikuwa amelifunga fundo ili watu wapite. Nyuma ya pazia palikuwa na kitanda na ukuta tu.

Watu wakampisha Luqmani kwa chuki, akapiga magoti pale pale alipopiga awali. Akamwomba msamaha mbele yao.

Somoe aliinama mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio lake, ili wengine wasisikie.

"Mara ya kwanza ulimtoa hukujua utaniua," akasema. "Hii ya pili ulijua."

Kisha akainua uso, akamwitikia mwanamke aliyekuwa akipiga hodi mlangoni na sahani mkononi, akamkaribisha ndani.